Dayathemi inalia alamu ya pedi, niizime?

Fundi_Nachingwea: Wakuu salaam. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, mkoa wa Lindi. Kambi ya upasuaji wa mabusha inakaribia na dayathemi yetu mpya, ile mashine ya kisu cha umeme cha kukata nyama na kuzuia damu, inanitoa jasho. Ukimbandika mgonjwa pedi (ile ya kurudisha umeme kwenye mashine) iliyokwisha kutumika, inalia na kugoma. Ile ya zamani ilikuwa na bati tu, unalilaza chini ya paja, kazi inaendelea. Pedi mpya ni chache, na daktari anataka nitafute waya wa alamu niukate. Mnasemaje?

MzeeWaFyuzi (Mtwara): Usiukate, kijana wangu.

Itazame hiyo pedi vizuri. Ni vipande viwili, kuna mstari katikati. Mashine inapitisha mkondo mdogo sana toka kipande hiki kwenda kile kupitia ngozi, inapima ukinzani. Jeli ikikauka au kona ikibanduka, ukinzani unapanda na mashine inajifunga. Bati lenu la zamani liliweza kusema waya haujakatika, basi. Kama limegusa ngozi au limegusa shuka, halikujua.

Umeme unaoingia nchani mwa kisu ndio huohuo unaotokea kwenye pedi. Nchani umebanwa, maji ya seli yanachemka na nyama inaachana. Kwenye pedi umetawanyika, ngozi inapata uvuguvugu tu. Pedi ikishika nusu ya eneo lake, joto kwa kila sentimita ya mraba linakuwa mara nne, wala si mara mbili. Na mgonjwa wa mabusha kachomwa sindano ya mgongo, hatasema "naungua". Lengelenge mtaliona wodini.

Dada_wa_Thieta: Shikamoo mzee. Mimi naongeza moja: daktari akianza "ongeza, ongeza", asiongezewe wati kabla hujaangalia pedi, waya na masizi kwenye ncha. Masizi yanazuia umeme. Halafu spiriti iachwe ikauke kabisa, isituame chini ya makalio. Cheche moja tu inatosha.

MzeeWaFyuzi (Mtwara): Marahaba mwanangu, umesema kweli.

Ila Fundi, kwa mabusha mimi ningekuwa nauliza swali jingine kabisa. Korodani ikishatolewa nje inaning'inia kwa kamba yake. Ukiigusa kwa kisu cha kawaida cha dayathemi, umeme hauna njia ya kurudi kwenye pedi isipokuwa kupitia kamba hiyo nyembamba, na humo ndimo ulimo mshipa unaoilisha. Unaweza kuupika mshipa huku daktari anatazama kwingine. Tohara nayo ni hivyohivyo.

Mna bipola? Umeme unatoka ncha moja ya koleo unaingia ya pili, kinachopikwa ni kile kilichobanwa katikati. Pedi haihitajiki, na wati zinazotakiwa ni chache. Kukata haiwezi vizuri, hilo nakubali, na nyama inanata nchani; mwambieni msaidizi adondoshe maji ya chumvi. Mkasi ukate, bipola izuie damu.

Fundi_Nachingwea: Koleo zipo kabatini, hazijafunguliwa hata pakiti! Shida ni waya: pini zake na matundu ya mashine haviendani.

MzeeWaFyuzi (Mtwara): Tuma picha ya vyote viwili. Na usichonge pini.

Fundi_Nachingwea: Nilikuwa nimeshashika tupa, mzee. Natuma kesho asubuhi.