Nina sapu tatu, mliopita chuo mlishikilia nini?

mwaka_wa_pili:
Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Nasoma uhandisi, matokeo yametoka juzi nina sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, na nikifeli tena nadisko, naondolewa chuo, nyumbani sijawaambia maana mama aliuza ng'ombe ili nije huku. Sekondari nilikuwa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, misa sikosi, sasa hivi rozari aliyonipa bibi iko chini ya begi hata msalaba umeshakatika. Nikipiga magoti maneno hayaji. Naombeni msinijibu "sali tu" basi.

dada_alto:
Milele amina mdogo wangu, pole sana. Mwaka wa kwanza nilikuwa na sapu mbili, kilichonishika ni wenzangu wa TMCS, ile ya wanafunzi Wakatoliki wa vyuo, tulikuwa tunakutana saa tatu usiku kwenye darasa tupu tunasali Sala ya Usiku ya Kanisa, ina zaburi zake kila siku, sasa Jumatano kuna ile zaburi ya 130, toka vilindini nimekulilia, mi nilikuwa nashindwa kuisema nalia tu, ila wenzangu wanaendelea, upande huu wanasema upande ule wanaitikia. Hapo ndo nikaelewa kwa nini Kanisa limetupa maneno tayari, siku huna neno wenzio wanakusemea. Na tukimaliza kuna kaka wa mwaka wa nne alikuwa anabaki ananielekeza hesabu ubaoni mpaka mlinzi anakuja kufunga.

mchimba_mawe:
We wa uhandisi mtafute Mtakatifu Pier Giorgio Frassati wa Turin kule Italia, Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu 7 Septemba 2025 siku moja na kijana mwenzake Carlo Acutis. Alisoma uhandisi wa migodi ili awe karibu na wachimbaji, na shule ilimsumbua jamani, Kilatini alifeli. Polio ikamuua 1925 ana miaka 24, digrii hajamaliza. Mkono umeshaanza kupooza bado akaandika kikaratasi kwamba sindano za mgonjwa mmoja maskini zipelekwe. Huyo ndo yuko altareni, na cheti hakuwahi kukishika.

baba_wawili:
Kaungame, halafu mpigie mama leo leo. Mzigo wa kuficha ni mzito kuliko sapu.

mwaka_wa_pili:
Nimempigia. Amelia kidogo akasema soma mwanangu. Rozari nimeitoa, msalaba nimeufunga na uzi. Dada, hiyo zaburi ni ndefu?

dada_alto:
Mistari nane tu. Jumatano tafuta wenzio msali pamoja.