Mtoto haongezeki kwa chakula dawa, naweza kumsagia karanga nyumbani?

Mama_Tunu: Habari wapendwa. Mwanangu ana mwaka na miezi minne. Kliniki walimpima mkono, utepe ukasoma nyekundu, yaani utapiamlo mkali, tukapewa pakiti za chakula dawa, ile siagi ya karanga ya kutibu utapiamlo. Uzito haupandi. Hapa Dodoma karanga zipo tele, nataka nimsagie mwenyewe. Nichanganye na nini?

Chungu_Tele: Uji wa ulezi na dagaa wa kusaga. Nimekuza watano hivyo, kitindamimba yuko JKT.

Babu_Kibaigwa: Enzi zetu mtoto ananyonya mpaka anatumwa dukani. Siku hizi mna haraka ya kuachisha.

Mkunga_Mstaafu: Mdogo wangu, ile si karanga tupu. Ina maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Pakiti ya gramu 92 ni kalori 500. Haina maji, ndiyo maana haiharibiki upesi na haipikwi. Daktari wa lishe André Briend na mtengenezaji wa vyakula Michel Lescanne waliibuni Ufaransa mwaka 1996. Kabla ya hapo tulikuwa tunawalaza watoto hawa wodini kwa maziwa maalumu, mama kaacha wengine nyumbani. Anakula pakiti ngapi kwa siku?

Mama_Tunu: Kama alivyoandikiwa.

Mkunga_Mstaafu: Sijauliza alivyoandikiwa.

Mama_Tunu: Nusu. Nusu anakula dada yake wa miaka minne. Mlitaka mmoja ale, mwingine atazame? Jumamosi nawapeleka kwa bibi yao, kuna maziwa ya ng'ombe, tiketi nimeshakata. Na miguu imeanza kujaa, naona ananenepa.

Fundi_Redio: Hii chai. Juzi akaunti hii ilikuwa inauza bodaboda. Weka kadi ya kliniki.

Mama_Tunu: Simu ni ya baba yake.

Chungu_Tele: Mh. Uzito haupandi, halafu ananenepa?

Mkunga_Mstaafu: Kadi ya mtoto haiwekwi hapa. Hata ikiwa chai, kuna mama mwingine anasoma. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa wayo, si chini, miguu yote miwili, hesabu sekunde tatu, achia. Shimo likibaki, huo ni uvimbe wa utapiamlo. Rudi kituoni leo hii, waambie kuhusu hiyo nusu, na dada yake naye apimwe mkono.

Mama_Tunu: Limebaki. Yote miwili.

Babu_Kibaigwa: Basi gani hilo la Jumamosi? Nina kijana pale stendi, nauli utarudishiwa. Nenda.