Acheni kupotosha watu kuhusu mpaka wa Aflao! Kuingia Lomé si kama kuvuka Namanga

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kila anayeuliza humu njia ya barabara kutoka Accra, Ghana, kwenda Lomé, mji mkuu wa Togo, kupitia mpaka wa Aflao, anajibiwa: "Nenda tu na pasipoti, huko mipaka iko wazi." Iko wazi kwa nani? Itifaki ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ya mwaka 1979 inawahusu raia wa nchi wanachama. Hao ndio wanaokaa hadi siku 90 bila viza. Mtanzania hayumo. Kwamba Ghana imekupokea bila viza hakuihusu Togo hata kidogo. Togo viza inaombwa mtandaoni kabla ya safari, kwenye tovuti ya serikali yao, voyage.gouv.tg.

Nilisafiri na dada mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo, anafuata vitenge soko kuu la Lomé. Ushauri wenu alikuwa ameuhifadhi kwenye simu. Tulipanda gari pale stendi ya Tudu, Accra, na tulipofika Aflao hata mizigo haijashushwa vijana wameshatuzunguka. Mmoja amevaa kitambulisho shingoni, Kiingereza kinatoka, Kifaransa kinatoka. "Mama, lete pasipoti nikuharakishie." Akampa. Kijana akapotea nayo, kisha akarudi na madai: hela ya fomu, hela ya muhuri, hela ya kadi ya homa ya manjano. Kadi anayo mkononi! Pasipoti haikurudi hadi alipotoa cedi (hela ya Ghana) zote alizobaki nazo. Yule hakuwa ofisa wa yeyote. Ni kishoka, na dirisha la kugonga muhuri lilikuwa mbele yetu, foleni ya watu wachache tu.

Dada akaenda kubadili dola apate hela ya Togo. Jamaa ana meza, kikokotoo, na mabunda ya noti yaliyofungwa mpira. Anahesabu mbele yako, haraka, na katikati ya bunda kuna noti zimekunjwa mara mbili, kwa hiyo kila moja inahesabiwa kama mbili. Nilimwambia dada afungue zote, moja moja. Jamaa akawa mkali, akazirudisha mezani, akamsukumia dola zake.

Jamani, faranga ya CFA, hela ya Togo, imefungwa kwenye euro: euro 1 ni faranga 655.957, na haibadiliki. Ukiwa na euro, hesabu ya haki unaijua tangu nyumbani: euro 100 ni kama faranga 65,600, na atakayekubadilishia atapunguza kidogo. Mbona hilo hamuwaambii watu? Mnawaambia wabebe dola, kisha wanakadiriwa bei barabarani.

Upande wa Togo ndipo ushauri wenu ulipommaliza kabisa. Viza hana, Kifaransa hajui, na muhuri wa kutoka Ghana umeshagongwa. Akarudishwa. Na Lomé anaiona! Ule mpaka uko mjini, ukivuka geti umeshaingia mtaani, bodaboda zao zinapita hapo hapo. Mtaji wa watu, nauli ya ndege kutoka Dar, vyote vimeishia getini kwa sababu ya mtu aliyeandika asichokijua.

Kwa anayekwenda: viza mkononi, imechapishwa kwenye karatasi. Kadi ya manjano iwe ya kweli, Ghana na Togo zote wanaidai. Pasipoti usimpe mtu yeyote aliye nje ya dirisha, hata akiwa na kitambulisho kikubwa namna gani. Fika mchana. Mizigo ibebe mwenyewe, maana akishaishika kijana ni mazungumzo mengine. Kama Kifaransa hakipandi, tafuta mwenyeji wa kukupokea. Watu wa kabila la Waewe wako pande zote mbili za mpaka na wengi wa upande wa Ghana wanajua Kiingereza.

Na nyie mliotoa ule ushauri, nyuzi zenu bado zipo. Nendeni mkazirekebishe leo. Aliyevuka karibuni aweke hapa ada ya viza aliyolipa na siku alizosubiri majibu, kuna watu wana tiketi tayari.