Mrejesho: bendi ya mwanangu shuleni

Niliwauliza kwa nini maikrofoni ya bendi ya mwanangu inapiga mluzi kila mazoezi. Mkanijibu: spika ziwe mbele ya mwimbaji, maikrofoni isizielekee, na gitaa lipunguzwe sauti. Basi Ijumaa wamepiga roki yao ya kwanza shuleni kwao, Likoni. Mluzi haukusikika hata mara moja! Ila kwenye wimbo wa pili uzi mwembamba wa gitaa ulikatika. Hewa hii ya chumvi ilikuwa imeshautia kutu, na sikuukagua. Kijana akaendelea na nyuzi 5 zilizobaki, hakusita. Na mpiga dramu, mtoto mwenye haya kweli, alizipiga hadi wenzake wote wakasimama. Nililia, wallahi. Ahsanteni sana ndugu zangu. Nyuzi mpya nimeshanunua, pakiti mbili.