Mjadala: Kumpigia kura mgombea urais wa chama kingine Marekani ni usaliti, au ni haki ya mpiga kura?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa hoja. Najua humu wapo wenye uraia wa Marekani wanaopiga kura kule, na tupo tunaofuatilia kutoka mbali.

Tarehe 3 Oktoba 2024 Liz Cheney alipanda jukwaani pamoja na Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic, mjini Ripon, jimbo la Wisconsin. Mji ule haukuchaguliwa hivihivi: Warepublican wengi wanauhesabu kuwa ndipo chama chao kilipozaliwa mwaka 1854. Na Cheney ni Republican wa kuzaliwa. Baba yake, Dick Cheney, alikuwa makamu wa George W. Bush kwa miaka minane, naye mwenyewe alifika nafasi ya tatu katika uongozi wa Warepublican kwenye Baraza la Wawakilishi. Upande wa pili mambo yalikuwa hayohayo. Robert F. Kennedy Jr., wa ukoo uliowapa Wademokrat rais na maseneta, alisimamisha kampeni yake binafsi Agosti 23 akamuunga mkono Donald Trump wa Republican. Siku tatu baadaye akafuata Tulsi Gabbard, aliyewahi kuwania uteuzi wa Democratic kwa uchaguzi wa 2020. Kila kambi ikawapokea wageni wake kwa shangwe na kuwalaani waliotoka kwake.

Msimamo wangu ni huu: mpiga kura hana deni kwa chama. Kura ni yake, na chama kinapaswa kuiomba upya kila uchaguzi. Kinachonisikitisha ni kwamba Marekani imetengeneza utaratibu unaomwadhibu kiongozi yeyote anayesema hadharani kile ambacho wapiga kura wengi wanakifanya kimyakimya ndani ya chumba cha kura.

Tazameni Januari 2021. Baada ya uvamizi wa jengo la Bunge, Warepublican 10 katika Baraza la Wawakilishi walipiga kura ya kumshtaki Trump. Uchaguzi wa 2022 ulipopita, wawili tu kati yao ndio waliobaki bungeni: Dan Newhouse wa Washington na David Valadao wa California. Wengine wanne walistaafu na wanne wakaangushwa kwenye mchujo, Cheney akiwa mmoja wao. Kule Wyoming hakufikisha hata theluthi moja ya kura. Je, Newhouse na Valadao walikuwa hodari kuliko wenzao? Mimi sidhani. Washington na California zina mchujo wa aina yake: wagombea wa vyama vyote wanawekwa kwenye karatasi moja, kila raia anachagua amtakaye, na wawili wa kwanza wanakwenda raundi ya mwisho hata kama ni wa chama kimoja. Kwa hiyo hukumu yao haikuachiwa wanachama wenye hasira peke yao. Alaska nayo ni vilevile. Seneta Lisa Murkowski alipiga kura ya kumtia Trump hatiani Februari 2021, chama cha jimbo kikamgeuka, lakini mwaka 2022 alirudi Seneti, kwa sababu Alaska hupitisha wanne kwenye mchujo wa wazi kisha watu huwapanga kwa mapendeleo: chaguo la kwanza, la pili na kuendelea.

Ukilinganisha na Pennsylvania au Florida, ambako mchujo umefungwa kwa wanachama waliojiandikisha, utaona ninachokisema. Seneta wa huko akijaribu kuvuka, anayemhukumu ni sehemu ndogo ya jimbo lake.

Naomba michango.

Mchangiaji, Nairobi

Mkuu, umewapamba sana hawa watu. Kennedy alivuka Agosti, na Februari 2025 akathibitishwa kuwa Waziri wa Afya. Gabbard alivuka wiki hiyohiyo, na Februari hiyohiyo akawa mkuu wa idara zote za ujasusi. Hiyo ndiyo haki ya mpiga kura unayoisema? Mimi naona ni mapatano ya vyeo. Mwanasiasa akivuka, kwanza niulize anakwenda kupata nini, halafu ndiyo nisikilize sababu zake.

Mchangiaji, Houston

Mleta mada, hongera kwa kuanza na hoja badala ya kelele. Ila mimi niko upande wa wanaosema chama ni muhimu kuliko mtu, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa nimeishi huku tangu enzi za Bill Clinton.

Mnapomjadili mgombea urais mnajadili sura, sauti, tabia na ukoo. Lakini karatasi ya kura inachagua serikali nzima. Rais mpya wa Marekani anajaza takriban nafasi 4,000 za uteuzi wa kisiasa, na zaidi ya 1,000 kati ya hizo zinahitaji idhini ya Seneti. Majaji wa shirikisho anaowateua wanakaa maisha yao yote. Mwaka 2016 walikuwapo wenye mrengo wa kushoto waliosema Hillary Clinton hawampendi, wakampigia mwingine au wakabaki nyumbani. Trump akateua majaji watatu wa Mahakama ya Juu: Gorsuch 2017, Kavanaugh 2018, Barrett 2020. Juni 2022 mahakama hiyo ikafuta uamuzi wa Roe wa mwaka 1973 kuhusu utoaji mimba. Uwe unaufurahia au unaulilia, uamuzi ule ulitokana na kura ya 2016, na wengi waliopiga kura kwa kumtazama mtu hawakuwa wamewaza majaji hata kidogo.

Halafu historia. Mwaka 1864 Lincoln, katikati ya vita, alitaka kuonyesha umoja, akamchukua Andrew Johnson, Democrat wa Tennessee, kuwa mgombea mwenza. Lilionekana jambo la busara. Aprili 1865 Lincoln akauawa, na watu weusi waliotoka utumwani wakajikuta chini ya rais ambaye mwaka 1866 alikataa kutia saini Sheria ya Haki za Raia, ikabidi Bunge lipige kura tena kuipitisha juu ya kichwa chake. Alishtakiwa 1868 na kuponea kwa kura moja Seneti. Walioumia kwa usuluhishi ule wa vyama ni watu ambao hata hawakuulizwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kuvuka ni jambo jema lenyewe kwa lenyewe, namuuliza: unavuka kwenda wapi, na nani atailipa gharama?

Mchangiaji, Dearborn

Mzee wa Houston, nakuheshimu, lakini hapo umetusahau sisi wa Michigan.

Dearborn ni mji wenye Waarabu wengi, na majirani zangu wengi ni Walebanoni na Wayemeni. Mwaka 2020 mji huu ulimpa Joe Biden kura kwa wingi mkubwa. Mwaka 2024, kwa sababu ya vita vya Gaza, Trump aliongoza hapa kwa takriban asilimia 42, Harris akapata kama 36, na Jill Stein wa chama cha Kijani karibu 18. Tulizungumza na wajumbe wa Democratic tangu kura za mchujo. Zaidi ya watu 100,000 katika jimbo walipiga kura ya kutojifunga kwa mgombea yeyote Februari ile, iwe onyo. Halikusikika. Sasa unapouliza nani atailipa gharama, wengine hapa walikuwa wakizika ndugu zao kwa simu. Kwao gharama ilikuwa imekwisha kulipwa.

Mimi mwenyewe sikumpigia Trump. Lakini simwiti msaliti jirani aliyefanya hivyo. Chama kinachojua kwamba hutaondoka hata kikufanye nini hakina sababu ya kukusikiliza. Weusi wa Marekani walilijua hili zamani: walikuwa watu wa Republican, chama cha Lincoln, kwa miongo mingi, hadi katika enzi za Franklin Roosevelt wengi wao wakahamia Democratic. Jackie Robinson, yule mchezaji wa besiboli, alimuunga mkono Nixon wa Republican 1960. Mwaka 1964 alihudhuria mkutano mkuu wa Warepublican San Francisco, akaona namna walivyomshangilia mgombea wao Goldwater aliyepinga Sheria ya Haki za Raia ya 1964, na mwaka huohuo akamuunga mkono Lyndon Johnson wa Democratic. Msaliti hapo alikuwa nani, Robinson au chama?

Mchangiaji, Dodoma

Niulize swali la sheria. Huku kwetu mbunge akikihama chama kilichompeleka bungeni, Katiba inamvua ubunge, na uchaguzi mdogo unaitishwa. Marekani ikoje? Maana kama anabaki na kiti, basi waliomchagua wamedhulumiwa.

Mleta mada

Ndugu wa Dodoma, kule anabaki na kiti chake. Mfano mkubwa ni Jim Jeffords wa Vermont. Mwaka 2001 Seneti ilikuwa 50 kwa 50, na Warepublican walikuwa wanaiongoza kwa kura ya makamu wa rais. Mei mwaka huo Jeffords akatoka Republican, akawa huru na kukaa na Wademokrat. Kamati zote za Seneti zikabadilisha wenyeviti bila mwananchi yeyote kupiga kura. Hapo nakubaliana na wewe kabisa: mwenye kiti alichopewa kwa jina la chama ana deni ambalo mpiga kura wa kawaida hana. Ningependa mtu wa namna hiyo arudi kwa wananchi akaombe kura upya. Seneta Strom Thurmond aliwahi kurudi hivyo kwa wapiga kura mwaka 1956, ingawa hakuwa amehama chama: aliahidi wapiga kura wa South Carolina, akajiuzulu useneta na kugombea tena. Siasa zake za ubaguzi nazichukia, lakini utaratibu ule ulikuwa wa haki.

Wa Nairobi, swali la cheo ni la msingi. Ndiyo maana nampima anayevuka kwa kile alichokipoteza. Cindy McCain, mjane wa seneta wa Republican John McCain, alimuunga mkono Biden Septemba 2020. Januari 2021 chama cha Republican cha Arizona kikampitishia azimio la kumlaani. Biden alishinda Arizona kwa kura 10,457, basi kila mwenye jina kule alikuwa na uzito. Ni kweli baadaye naye alipewa ubalozi. Cheney hakupata cheo, kiti chake kilikuwa kimeshakwenda miaka miwili kabla ya Ripon.

Ila mzee wa Houston amenigusa pagumu, na sitaki kumkwepa. Kwenye urais hoja yake ina nguvu kweli: huwezi kumchagua rais ukaacha majaji wake. Lakini karatasi ya kura ya Marekani ina mistari mingi, na hapo ndipo wapiga kura wanapoonyesha akili ambayo vyama haviipendi. North Carolina 2024, siku ileile, karatasi ileile: Trump alishinda kwa zaidi kidogo ya pointi 3, na Josh Stein wa Democratic akachaguliwa gavana kwa karibu pointi 15 dhidi ya Mark Robinson wa Republican. Arizona, Nevada, Michigan na Wisconsin zote zilimchagua Trump na zote zikachagua seneta wa Democratic. Watu hawa waligawa kura zao kwa kujua wanachokifanya. Kwenye urais peke yake, mahojiano na wapiga kura siku ya uchaguzi yalionyesha kwamba ni kama mwanachama 1 kati ya 20, kila upande, ndiye aliyevuka. Mwaka 1980 karibu robo ya Wademokrat walimpigia Ronald Reagan. Mimi sioni kwamba nchi imepata faida yoyote kwa kushuka huko, kwa kuwa sasa kampeni nzima inahangaika kuwatoa nyumbani walio wake, na aliye upande wa pili hazungumzishwi tena.

Kwa hiyo narudi kwenye mchujo. Fungua mchujo kwa raia wote, na kiongozi ataweza kusema ukweli bila kuangushwa na wachache.

Mchangiaji, Denver

Kaka, nimekusoma tangu mwanzo, na kila ulipotaja mchujo nilikuwa nangoja ufike huku Colorado.

Hicho unachokipendekeza tulikipigia kura Novemba 2024. Pendekezo lilikuwa mchujo wa karatasi moja, wanne wapite, kisha tuwapange kwa mapendeleo, kama Alaska. Tukalikataa. Nevada walikubali linalofanana nalo 2022 na kulikataa 2024, maana kule mabadiliko ya katiba lazima yapite mara mbili. Idaho walikataa yao. Arizona, Montana na South Dakota nao wakakataa mapendekezo ya mchujo wa wazi mwaka huohuo. Na Alaska yenyewe ilinusurika kufutiwa utaratibu huo kwa tofauti ya kura zisizofika 1,000. Usiseme basi kwamba ni vyama tu vinavyozuia. Raia waliulizwa moja kwa moja.

Mimi nilipiga kura ya hapana, na sikufanya hivyo kwa kumchukia mtu anayevuka. Kampeni ya kuunga mkono ilikuwa na fedha nyingi kuliko sisi wa kupinga, matangazo kila saa, nikajiuliza mfanyakazi wa kawaida atasimama vipi kwenye mchujo wa jimbo zima bila chama cha kumbeba. Chama kinampa mtu asiye na fedha watu wa kubisha hodi na orodha ya wapiga kura. Ukikiondoa hapo, mwenye nafasi ni tajiri au mwenye jina. Na watu wa nje wakiingia kwenye mchujo wa wenzao, si wote wanaingia kwa nia njema. Mwaka 2008 Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa mrengo wa kulia, aliwahimiza Warepublican wakapige kura kwenye mchujo wa Democratic ili tu vita kati ya Hillary Clinton na Obama virefuke. Wyoming nako, baada ya Wademokrat kuhamia mchujo wa Republican 2022 wakajaribu kumwokoa Cheney, Bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka uliofuata ya kuzuia kubadili chama mchujo unapokaribia.

Nilimpigia Harris, na kwenye ngazi ya kaunti nikampigia Republican mmoja kwa sababu naijua kazi yake. Hiyo haki ninayo tayari, bila kubadilisha mchujo. Sasa niambie, kaka: kama majimbo yote hayo yameulizwa na yakasema hapana, utawashawishi kwa lipi?