Re: Fomu ya hospitali ikiuliza "baba", unaandika baba yupi?

Binti Ujiji, Reading:
Asalaam aleikum wanakigoma wote, wakubwa shikamooni.

Juzi GP wetu, daktari wa mtaa huku England, kaniita kupimwa afya, ile ya watu wa miaka 40 hadi 74 kila baada ya miaka 5, presha, kolesteroli, uzito, na maswali. Nesi akauliza kama mzazi au ndugu yangu wa damu alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 60. Nikajibu hapo hapo, ndiyo, baba, alianguka mwaloni Kibirizi wanapakua dagaa, alikuwa na miaka 52. Akaandika. Nishavaa koti natoka ndo ikanijia kwamba yule ni baba wa kambo. Kanilea tangu naota meno, ada kalipa yeye, moyoni mwangu sina baba mwingine ila damu yake sina hata tone. Nikarudi, nesi akafuta, akauliza haya, aliyekuzaa je? Nikabaki namtazama tu. Ninachojua alikuwa Uvinza kwenye chumvi na ana watoto kwa mama wengine wawili, basi.

Jamani mliolelewa na bibi, shangazi, baba wa kambo, mnajibu nini? Na mama namuulizaje habari za yule mtu bila kumtonesha kidonda?

Mama Tatu, Leicester:
Waaleikum salaam mdogo wangu. Pole, na umefanya vizuri kurudi, wengi wangejiondokea tu.

Lakini usimfute baba yako aliyekulea kwenye kila swali. Sukari, moyo, selimundu (sickle cell) hayo ni ya damu. Ila wakikuuliza nyumbani kwenu kuna aliyeugua TB au aliyekuwa anavuta sigara, hapo ni wale mliolala nao nyumba moja, na kama alikuwa anavutia ndani wewe moshi wake umeuvuta utoto mzima. Mama aliyekuzaa naye ana lake, homa ya ini ya B mtoto anaweza kuipata kwake siku ya kuzaliwa hata kama hakumlea hata wiki. Kwa hiyo damu nani, malezi nani, yote mawili yana maana, ukiyachanganya ndo daktari anapotea.

Na nyie wenye watoto wa ndugu nisikilizeni kwa makini. Mie nilimleta mtoto wa dada yangu, yaani binti wa mama mkubwa, kwetu huyo ni dada hakuna neno jingine. Kwa sheria ya huku England bibi, babu, shangazi, mjomba, kaka, dada, mzazi wa kambo hao ndo ndugu wa karibu, binamu HAYUMO, na huku mie na dada yangu huyo ni mabinamu. Mtoto chini ya miaka 16 akikaa kwa asiye ndugu wa karibu siku 28 au zaidi lazima kansili, yaani serikali ya mtaa, ipewe taarifa. Mie sikujua, niligundua nilipompeleka chanjo wakaniuliza mimi ni nani yake, nikasema mama yake mkubwa, wakataka maelezo nikaanza kutetemeka nikidhani wananinyang'anya. Hawakumchukua. Watu wa kansili walikuja wakaangalia anapolala, shule, kama ana daktari. Mama yake akaandika barua kuniruhusu kumpeleka hospitali, ikatulia.

Mzee wa Gungu, Coventry:
Marahaba wanangu.

Binti, kwenye selimundu huna haja ya kumjua baba, kipimo cha damu yako kinatosha kukwambia kama umebeba vinasaba vyake. Ila mpime na mwenzio, maana nyote mkiwa mmebeba basi kila mimba, si mara moja tu, ni moja kati ya nne mtoto kuzaliwa mgonjwa. Kijana wangu na mchumba wake wa Tabora wamepima kabla ya mahari, wazee kule walinuna, mimi sikurudi nyuma.

Jingine ambalo akina dada wengi hawalijui: saratani ya matiti haifuati upande wa mama peke yake. Shangazi zako, ndugu wa baba yako wa Uvinza, wakiwa wameugua unatakiwa umwambie daktari. Usianze na mama. Anza na mama mkubwa au bibi, hao ndo wenye kujua na hawana kidonda.

Nami nina langu. Nina miaka 68, kijana anayenipeleka kliniki sikumzaa, ni mtoto wa mke wangu. Nilidhani kumwandika hospitali kuwa ndugu wa karibu kunatosha, kumbe haimpi haki ya kuamua matibabu yangu nikishindwa kusema. Nimeandika hati ya kumpa mamlaka hayo na kuisajili, nikiwa bado na akili zangu. Watoto wangu wa Kigoma nimewapigia mmoja mmoja nikawaeleza wasije wakagombana naye siku hiyo.

Binti Ujiji, Reading:
Ahsanteni sana, Mzee nimefuata neno lako. Nimempigia mama mkubwa Mwanga, akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata, halafu akasema "nilikuwa nangoja uulize". Baba yuko hai, ana sukari tangu sijamaliza shule, na mama yake alikatwa mguu kwa sukari hiyo hiyo. Kanipa namba ya kaka yangu wa baba mmoja. Nimempigia jana usiku, sauti yake kama yangu, akaniambia dada sisi tulikuwa tunakusikia tu. Naye anatumia dawa za sukari, ana miaka 39.

Nimerudisha majibu kwa nesi, Alhamisi natolewa damu. Mama bado sijamwambia, nitamwambia ana kwa ana nikienda Desemba.