Yule jamaa wa koti la ngozi pale Area C, leo kanidhalilisha mbele ya kijiwe kizima

Wakuu salamu baadaye. Kuna mtu hapa Dodoma simtaji ila mnamjua, yule anayevaa koti la ngozi jua la saa saba, yule ambaye akikopa anakuja na shahidi wake wa kusema hajakopa. Leo kanifanyia kitu saa hizi naandika mikono inatetemeka.

Iko hivi, tunachezaga poka kwenye simu, katurnamenti ketu kadogo tu, watu tisa, kiingilio buku mbili, jumla elfu 18. Wa kwanza 9,000, wa pili 5,400, wa tatu 3,600, wa nne anakula vumbi. Mimi nikirudi home naingiza mikono yote, yaani kila raundi ya karata niliyocheza, kwenye programu ya uchambuzi inanionyesha wapi nimechoma hela. NIKISHAMALIZA KUCHEZA, rudieni kusoma hapo, maana kuuliza programu katikati ya mchezo huko kwenye saiti kubwa ukidakwa akaunti inafungiwa. Leo laptop ilikuwa kwenye begi, imezimwa, chaji yenyewe haina.

Tumebaki wanne, chipu, zile za kuwekea dau, tunalingana. Huyu bwana anabonyeza olini, yaani anaweka chipu zake zote, bila kuangalia karata, anatangaza kabisa "sijaangalia". Mimi nina ree na tisa, blaindi, lile dau la lazima kabla ya karata, sijaweka, nikatupa. Akafunua saba na mbili, uru na shupaza, takataka tupu. Watu wakacheka, sawa, nikavumilia. Baadaye kidogo nikatoka wa nne, ndo jamaa anamgeukia dogo wa chipsi, kwa sauti ya kusikika mpaka Nkuhungu: "Dogo, huyu leo hali, ila laptop yake iwekee sahani, ndo iliyokuwa inacheza."

Na dogo wa chipsi, wakuu, akauliza NA PILIPILI?

Na pilipili! Kauliza siriazi, chupa iko mkononi. Kijiwe kikalala chini. Kuna mzee alikuwa anasubiri bodaboda, poka hata hajui ni mdudu gani, kacheka mpaka safari kaahirisha. Sasa hivi naitwa Laptop. Wife katoka sokoni Majengo ananiuliza kwa nini kaitwa shemeji Laptop.

Halafu ile ree tisa niliitupa kwa hesabu. Wanne mkilingana chipu kila mtu ana thamani ya 4,500. Nikimfuata nikashinda nina nusu ya chipu zote, ila thamani yake ni 6,900 tu, maana hata wa kwanza mwisho wake 9,000 na bado kuna watu wawili wa kuwatoa. Yaani nahatarisha 4,500 kutafuta 2,400! Lazima nishinde asilimia 65 ndo hela irudi, na ree tisa kwa karata za gizani inashinda kama 61. Ningekuwa na pea ya nane ningemvaa. Ila nani anasikiliza hesabu, watu wanasikiliza sahani.

Na pilipili jamani.

Kunguru Mjanja: Uliweka au hukuweka? Pilipili.

Baba Wawili: Mtu kakwambia hajaangalia karata, una ree, umetupa. Mkuu rudi ukacheze albastini na watoto.

Fundi Saa: Acheni kumuonea, hesabu iko sawa. Hiyo inaitwa ICM, inageuza chipu kuwa hela kufuatana na zawadi zilivyopangwa. Shida yake inachukulia watu wote mezani mna uwezo sawa, na pale kulikuwa na mtu kavaa koti la ngozi saa saba.

Baba Wawili: Chris Moneymaker mwaka 2003, mhasibu tu wa Marekani, kapita kwenye turnamenti ya mtandaoni ya kiingilio cha bei chee, kaenda World Series ya poka kabeba dola milioni 2.5. Laptop yake ilikula nini?

Mleta uzi: Hiyo 2003! Siku hizi wenzako wanalala na PokerTracker, programu ya kuhifadhi rekodi za mchezo, wanajua kila mkono uliocheza nao tangu unaanza. Nenda na maombi yako uone. Alafu msinitoe kwenye mada, mtu kaniwekea laptop sahani.

Kunguru Mjanja: Na pilipili.

Zabibu Kavu: Huyo wa koti mimi namdai tangu kabla ya Ramadhani. Nikimpigia anapokea mtoto, anasema "baba kasema hayupo".

Mzee wa Ipagala: Mleta uzi una bahati umetoka kwa karata. Mimi juzi tumebaki wawili, naongoza, luku ikaisha, Wi-Fi ikafa, kurudi nakuta blaindi zimenimaliza. Wapangaji sita luku moja, na kuna dada chumba cha mbele anachemsha maharage kwenye jiko la umeme kuanzia asubuhi mpaka jua linazama.

Zabibu Kavu: Wa kwetu anapiga pasi mpaka soksi. Ikifika kuchanga umeme anasema yeye hutumia taa tu.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada.

Baba Wawili: Subiri kwanza Laptop, hapa kuna mambo ya msingi. Mzee wa Ipagala, mnachangaje?

Mzee wa Ipagala: Kwa kichwa, kila chumba sawa.

Fundi Saa: Kosa liko hapo, mwenye taa moja anamlipia mwenye maharage. Nunueni mita ndogo kila chumba ajijue.

Mzee wa Ipagala: Mwenye nyumba kasema tukitaka tununue wenyewe, na tukihama tumuachie.

Zabibu Kavu: Wenye nyumba wa Dodoma tangu serikali ihamie huku wamekuwa mawaziri.

Fundi Saa: Mzee, kwani wewe chumbani una nini na nini?

Mzee wa Ipagala: Taa, redio, chaja ya simu. Na friji.

Fundi Saa: Friji la milango mingapi?

Mzee wa Ipagala: Miwili.

Zabibu Kavu: Muacheni dada wa watu na maharage yake.